Ukurasa Mrefu wa Nyuki

Kifuniko cha sufuria kilianza kutetema jikoni kabla hakujapambazuka, kikigonga ukingo taratibu kama mtu anayebisha hodi kwa aibu. Sajini Kalunde alikuwa ameketi mezani na simu mkononi, akisoma kwa sauti ya chini ili asiwaamshe majirani wa ng'ambo ya ukuta.

"'Mwaka ule nyuki wangu wa kwanza walihama,'" alisoma. "'Niliamka nikakuta mzinga mtupu, sisimizi wanatembea juu ya nta. Nililia. Kisha nikajiuliza, nilikosea wapi?'"

Akateremsha ukurasa kwa kidole.

"Endelea," alisema mumewe, Ndegwa, aliyesimama kando ya jiko na majani ya chai kwenye kiganja. Alikuwa fundi cherehani kutoka Nyeri, na kila mkewe alikohamishwa na kazi, yeye alifunga cherehani yake kwa kamba akamfuata bila kunung'unika.

"Ndegwa, maziwa yanafurika."

"Yaache kidogo. Alikosea wapi?"

Kalunde alicheka. "Mimi natafuta uongo humu tangu jana, na wewe unatafuta nyuki."

"Umeupata huo uongo?"

"Bado. Na ukurasa wenyewe ni mrefu kuliko kitabu cha Isaya."

"Mwizi hawezi kuandika yote hayo, mama. Angechoka njiani."

"Mkubwa wangu anasema kinyume. Anasema mtu mkweli hahitaji maneno mengi hivyo."

Ndegwa alimimina chai, akampa mkewe kikombe ambacho hakikuwa na ufa. Ilikuwa Jumapili, lakini Kalunde hakuwa anaenda kanisani. Watu kumi na mmoja wa vijiji vya karibu na Mutomo walikuwa wameandikisha malalamiko kwamba walinunua masomo ya ufugaji nyuki kwenye mtandao, wakalipa kwa simu, wasipate somo hata moja. Masomo yalikuwa na jina la mwanamke mmoja wa upande wa Makueni, Kathini. Jana usiku aliletwa akawekwa rumande. Kesho asubuhi angefikishwa mahakamani, na akishashtakiwa, ukurasa wake ungefungwa na jina lake lingekwisha. Kalunde alikuwa na siku hiyo moja ya kujua kama ni yeye.

Kathini alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono yake ina alama za zamani za miiba ya nyuki. Alitolewa rumande akiwa amejifunga shuka ambalo Kalunde alilitambua. Lilikuwa la konstebo wa zamu ya usiku, aliyelitoa begani mwake bila kuambiwa na mtu.

Mkuu wa kituo, Inspekta Waithaka, alisimama mlangoni akiwa amekunja mikono. Kalunde akavuta kiti karibu.

"Kathini, nimesoma ukurasa wako. Nimeusoma jana na nimeusoma leo. Mbona mrefu hivi?"

"Afande, umewahi kununua mbuzi?"

"Mara nyingi."

"Ulimzunguka. Ukamfungua mdomo ukaangalia meno. Ukauliza amezaa mara ngapi, na mbona mwenyewe anamuuza kama ni mzuri hivyo. Mwenye mbuzi anajibu tu, hata jua likiwaka. Sasa mimi ninachouza hakina meno ya kufunguliwa. Ni masomo ya kusikiliza na kutazama kwenye simu. Mtu wa Tseikuru hanijui, hanioni, na hawezi kushika kitu chochote kabla hajalipa. Kwa hiyo nimemwandikia majibu yote ambayo angeniuliza tukiwa sokoni. Si mimi niliyeurefusha. Ni maswali ya watu."

"Maswali yapi?"

"Yote. Ile sehemu ya nyuki kuhama, niliulizwa na mama mmoja akiwa karibu kulia. Ile ya dawa za kunyunyizia maembe, niliulizwa na mzee mmoja wa mji wa Wote. Kila mtu akiniuliza jambo jipya, narudi naongeza aya."

"Na mtu mwenye haraka?"

"Anashuka mpaka chini, kitufe cha kulipia kiko pale. Kuna wanaochoka katikati wakaondoka, sikatai. Lakini anayefika mwisho akanunua hajawahi kunidai nimrudishie. Alijua anachonunua."

"Umeandika pia watu wasinunue."

"Asiye na maji karibu asinunue. Nyuki wake watahama, pesa yake itapotea, na atasema nilimdanganya."

Waithaka aliguna mlangoni. "Maneno matamu. Muulize bei ya vikundi."

Kalunde aliuliza. Walalamikaji wote walikuwa wametaja kwamba kikundi cha mwethya, yaani wale majirani wanaochimba matuta pamoja leo kwa huyu kesho kwa yule, kingeweza kununua kwa pamoja kwa bei nafuu.

Kathini aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Vikundi gani? Sina bei ya vikundi. Neno mwethya sijaliandika popote."

"Watu kumi na mmoja wanalijua," alisema Waithaka, "na mwenye duka halijui."

"Halijui, mkubwa. Kila somo nimelipanga kwa mtu mmoja na simu yake."

Kalunde alifungua simu yake. Alipoupitia ukurasa tena toka juu hadi chini, hakukuta kikundi. Hakukuta mwethya.

Alianza na walioridhika. Kathini alimpa namba ya mteja mmoja, Wavinya wa Tseikuru, na Kalunde akampigia akiwa amesimama kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Masomo ulipata?"

"Nilipata papo hapo. Kwani kuna nini? Kathini ni mzima?"

"Ni mzima. Ukurasa uliusoma wote?"

"Wote! Niliusoma siku tatu nikichunga. Mbuzi wanakula, mimi nasoma. Wakisogea, nami nasogea. Mume wangu akadhani nimepata rafiki wa kuandikiana."

"Uliona mahali pa bei ya vikundi?"

"Hapana, hiyo haikuwepo. Afande, mwambie Kathini nyuki wa mzinga wa pili wameingia wenyewe. Usisahau kumwambia."

Kalunde aliahidi, na kabla hajaondoka alirudi rumande akamwambia. Kisha akapanda pikipiki ya kituo kwenda kwa mlalamikaji wa kwanza.

Kisilu alikuwa mfugaji wa ng'ombe wachache na mbuzi wengi, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Alikuwa ametoka kanisani na bado amevaa koti. Alimpa Kalunde kiti cha pekee, akageuza debe akakalia yeye.

"Nionyeshe ulipolipia," alisema Kalunde.

Kisilu alimpa simu. Ukurasa uliofunguka ulikuwa na jina la Kathini juu, lakini haukuwa ukurasa wa Kathini. Ulikuwa na aya chache, picha ya mzinga wa bluu uliovunjika mguu mmoja, saa nyekundu inayohesabu kurudi nyuma, na maneno kwamba vikundi vya mwethya vinunue pamoja kwa bei nafuu. Kalunde aliusoma wote kabla Kisilu hajamaliza kuvua koti.

Alimpigia Waithaka. "Mkubwa, kuna ukurasa mwingine. Mfupi. Hawa waliibiwa kwenye huo."

"Basi ana mbili," alijibu Waithaka bila kusita. "Mrefu wa kuwaonyesha polisi, mfupi wa kuibia. Nipe kitu kinachomtenganisha nao, Sajini. Bila hicho, kesho ni mahakamani."

Hakuwa amekosea kudai hivyo, na Kalunde alilijua hilo. Alirudi kwa Kisilu.

"Kisilu, unasema hii saa nyekundu ndiyo iliyokufanya ulipe haraka?"

"Saa? Saa sikuijali, afande. Mimi nilikuwa nimeshaamua."

"Ukaamua kwa aya hizi chache?"

"Hapana. Hizi nilibonyeza tu nilipe. Kilichonishika ni yule mama alivyoamka akakuta mzinga mtupu na sisimizi. Nami niliwahi kupoteza ndama hivyo hivyo, naamka hayupo. Nikasema, huyu anajua kupoteza. Halafu akasema, kama huna maji karibu usinunue. Nikaenda kuhesabu mitungi yangu." Alicheka kidogo. "Nina kisima nilichochimba kwenye mchanga wa mto pale chini. Nikasema, mimi ananiruhusu."

Kalunde aliweka kalamu chini. Hadithi ya sisimizi haikuwa kwenye ukurasa mfupi. Wala onyo la maji.

"Hayo uliyasoma wapi?"

"Sikuyasoma. Macho yangu ni ya mbali, maandishi madogo hayanikubali. Niliyasikia kwa Mwalimu."

"Mwalimu yupi?"

Badala ya kujibu, Kisilu alifungua kikundi chake cha Wasapu, akabonyeza. Sauti ya mwanamke mzee ikajaa uani, ikisoma polepole kwa Kikamba, ikisimama pale pa kusimama, na nyuma yake jogoo akiwika. Sehemu baada ya sehemu, jioni baada ya jioni, alikuwa amewasomea ukurasa mzima wa Kathini.

"Tulikuwa tunamsubiri," alisema Kisilu. "Mke wangu akichambua mbaazi, mimi nimelala pale kwenye mkeka. Akifika mahali pazuri anasema, nimechoka, kesho. Tunamlaumu mpaka tunalala."

"Na hawa wengine kumi waliolalamika, wako kwenye kikundi hiki?"

Kisilu alifikiri akiwataja kwa vidole, mmoja mmoja. "Wote."

Mwalimu Muthoki alikuwa amefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu. Mwaka uliopita alianguka kisimani akavunjika nyonga, na ingawa hospitali ya misheni ilimtibu vizuri, hakuweza tena kutembea mbali. Nyumba yake ilikuwa kando ya barabara ya vumbi. Kalunde alipobisha, mlango ulifunguka wenyewe, kumbe kulikuwa na kamba iliyofungwa kwenye komeo na kupita darini hadi kitandani.

"Karibu ndani," sauti ilisema. "Jirani alinifungia hii kamba ili nisihangaike. Na wewe ni nani?"

"Ni Sajini Kalunde, mwaitu. Kutoka kituoni," alijibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Polisi! Basi nilikuwa mtoro siku gani?"

Kalunde alicheka akaketi kwenye kigoda karibu na kitanda. Jagi la maji lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Kuna mtu aliyejali kukipiga pasi.

"Mwalimu, nimekuja kwa sababu ya ukurasa wa nyuki. Unamfahamu Kathini?"

"Kwa maandishi tu. Sijawahi kumwona. Masomo niliyanunua mwenyewe, ujue. Sina nguvu ya kupanda kwenye mzinga, lakini alivyoeleza nilitaka kujua mwisho wake. Halafu nikafikiria wale wa mwethya wangu wa zamani. Wengi hawasomi vizuri, na wanaosoma wanaona aibu kukaa na simu wakati wenzao wanafanya kazi. Lakini kusikiliza, mikono inaendelea na kazi. Kwa hiyo nikawasomea."

"Ulibadilisha kitu?"

"Mimi? Niliugeuza tu kwa Kikamba. Ukurasa huo ni kama darasa lililoandaliwa. Huyo msichana anakushika mkono, hakuvuti. Anajua utaogopa wapi, akifika hapo anapunguza mwendo. Nilifundisha miaka mingi, nikaona wachache wa namna hiyo. Nibadilishe nini?"

"Ulipofika mwisho, kwenye kulipa, ulisema nini?"

"Nilisoma kama ilivyoandikwa. Kama umeridhika, bonyeza hapa chini."

"Chini ya wapi, Mwalimu?"

Kuku mmoja alipita mlangoni, akachungulia, akaondoka. Muthoki aliinua mkono polepole akauweka juu ya midomo.

"Sauti haina chini," alisema.

"Haina. Kwa hiyo kila mmoja alikwenda kulitafuta jina la Kathini kwenye mtandao. Na cha kwanza walichokipata ni hiki."

Kalunde alimwonyesha ukurasa mfupi. Muthoki aliusogeza karibu na macho, kisha mbali, kisha karibu tena.

"Huu haumshawishi mtu."

"Haukumshawishi hata mmoja. Ni wewe na Kathini mliowashawishi. Huyu alisimama tu mlangoni mlipokwisha kuwafikisha. Sasa soma hapo chini, mwaitu. Hapo pa mwethya."

Muthoki alisoma, na uso wake ukabadilika. "Lakini hayo ni maneno yangu."

"Kivipi?"

"Umeniuliza kama nilibadilisha. Sikubadilisha, ila... niliongeza kimoja. Nilipomaliza niliona mjane fulani hataweza kulipa peke yake, na hataomba. Nikasema, kama mko kikundi cha mwethya nunueni pamoja, msikilize pamoja, nadhani huyo mama atawapunguzia. Sikumuuliza. Nilidhani tu, kwa jinsi anavyoandika, hatakataa."

Kalunde aliegemea nyuma. Maneno hayo hayakuwa kwenye ukurasa wa Kathini. Yalisemwa mara moja tu, na bibi huyu, kitandani hapa. Aliyeandika ukurasa mfupi hakuwa amesoma ule mrefu. Alikuwa amemsikiliza Muthoki.

"Kathini yumo kwenye kikundi chako?"

"Hata hajui kama kipo."

"Kuna mtu aliyekuwa anakuuliza lini utafika mwisho?"

"Wote waliuliza. Ila mmoja aliuliza kwa adabu sana. Alisema ni muuzaji wa mizinga Mtito Andei, akaniomba nimwambie siku hasa nitakayosoma sehemu ya kulipa, ili asiikose. Alinishukuru, akanitumia picha ya biashara yake. Halafu akatoka kwenye kikundi siku ile ile nilipomaliza. Nilidhani nimemchosha."

"Picha unayo?"

Muthoki aliitafuta, akamwonyesha. Mbele ya mkahawa wa barabara ya Mombasa, kando ya lori, kulikuwa na mizinga ya bluu imepangwa. Wa mbele ulikuwa umevunjika mguu mmoja, pale pale, kwa namna ile ile.

Kalunde alimtumia Waithaka picha zote mbili pamoja na namba ya yule mtu, akampigia akamweleza hatua kwa hatua.

"Nawatuma vijana Mtito Andei sasa hivi," alisema Waithaka. "Na huyu mama namtoa. Nitamwandikia karatasi ya kuachiliwa mimi mwenyewe."

"Asante, mkubwa."

"Ule ukurasa nimeusoma. Niliuanza asubuhi nikitafuta uongo."

"Ukapata?"

"Nimepata kwamba shamba langu halina maji karibu." Alikohoa. "Amenikataza kununua, Sajini. Nimefika mwisho nataka kununua, na amenikataza."

Kalunde alijikaza asicheke. Kisha sauti ikabadilika, maana Waithaka alikuwa amempa Kathini simu. Kalunde akaiweka yake mkononi mwa Muthoki.

"Ni wewe Mwalimu uliyesoma?" Kathini aliuliza. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza kama ya mtu aliyelala juu ya sakafu.

"Ni mimi, mwanangu. Nisamehe. Nimekulaza rumande."

"Si wewe. Na wale kumi na mmoja watapata masomo yao leo, hata kama pesa haitapatikana. Mwalimu, naomba unieleze hiyo ya mwethya. Ulisemaje hasa?"

Muthoki alirudia, kwa aibu, kama mwanafunzi anayesomewa kosa lake.

"Hilo swali hakuna aliyewahi kuniuliza," alisema Kathini. "Ndiyo maana halikuwemo. Nitaliongeza."

Muthoki alirudisha simu. Alifuta macho kwa ncha ya leso. Kisha akaomba simu yake mwenyewe, akabonyeza, akawaambia watu wake kwa Kikamba kwamba aliwaonyesha mlango bila kuwaonyesha njia, kwamba mwenye masomo hana kosa, na kwamba kila mmoja atatumiwa njia ya kweli, kiungo cha ukurasa wenyewe, ambacho mjukuu wa jirani angemsaidia kukituma. Alisema yote bila kujitetea. Majibu yakaanza kuingia, sauti juu ya sauti, na ya kwanza ilikuwa ya Kisilu ikisema, Mwalimu, pole, tulikula hasara lakini hadithi tulipata.

Kalunde alisimama, akamwinulia mto na kuusogeza pale nyonga ilipouhitaji. Nje jua lilikuwa limeinama, na safari ya kuwafuata vijana wa Waithaka Mtito Andei ilikuwa ikimngoja.

"Hao wote hunisikia," alisema Muthoki akiitazama simu inayolia mapajani mwake. "Wengine wako mbali, wengine hapa hapa njia ya kisimani. Hakuna aliyewahi kuketi kwenye hicho kigoda. Wanadhani nikisoma siko mgonjwa."

"Nitawaambia."

"Usiwaambie. Watakuja kwa huruma." Alishika kamba ya mlango lakini hakuivuta. "Kathini akishaandika hiyo aya nitaisoma upya, toka mwanzo. Njoo tena, Sajini. Ukae hapo hapo ulipokaa. Nataka nisome nikiona uso wa mtu."